Rejeta Aliyonunua Mama

Hadi leo nikipita gereji nikanusa maji ya rejeta yaliyochemka, ile kutu na mpira wa moto, huziba pua na kuongeza mwendo.

Landrova ya baba ilikuwa imefungwa injini ya lori, na rejeta yake ya zamani haikuweza kuipoza. Kila alipolala nje alituambia, "Gari lilichemsha kilimani Nangara." Mama akamwonea huruma. Akauza mahindi yetu ya akiba, fundi akafunga rejeta kubwa.

Safari ya kwanza nilimng'ang'ania baba mpaka akanichukua. Kilima kizima mshale wa joto haukupanda, nami nikapiga makofi. Tulipofika Nangara, msichana mwenye mwanya kama wangu na wa baba alisikia muungurumo, akatoka mbio kwenye nyumba ya kando ya barabara na kidumu mkononi.

"Baba, shikamoo! Mama amesema usipite, chakula kiko tayari. Maji ya gari haya hapa."

Baba akazima injini. Mshale ulikuwa pale pale. Akanigeukia, akanifuta vumbi usoni taratibu.

"Tukifika nyumbani," akasema, "mwambie mama yako gari lilichemsha."