Zamu ya Wageni wa Mama

Mama yangu hakuwahi kumwacha mgeni aondoke peke yake. Naanza na hili kwa sababu yote niliyoyafanya mwaka ule yalitoka hapo. Mgeni akishasema "naomba ruhusa," Mama alijitupia mtandio kichwani, akatoka naye. Alimfikisha getini; pale getini mazungumzo yakanoga, wakasogea hadi kwenye mfenesi wa jirani, wakasogea tena. Mara nyingine mgeni aliona haya kumwacha arudi peke yake, akamrudisha nusu ya njia, na Mama naye akaona haya kumwacha mgeni hapo, wakageuka upya. Baba alikuwa akikaa barazani na vikombe viwili mbele yake. "Mama yenu ametekwa tena," alituambia. "Chai hii imepoa." Lakini hakuinywa mpaka arudi.

Mama alikuwa na sharti moja katika jambo hili, na sisi wanawe alitufunza kwa kutufinya. Anayesindikiza hageuki kwanza. Akishasema "haya, mimi naishia hapa," anasimama papo hapo, anatazama, mpaka mgeni apotee machoni. Kumpa mtu mgongo kabla ya hapo, alisema, ni kumwambia kwamba ulikuwa unangoja aondoke.

Sisi ni watu wa Mengo, mtaa wa kasri la mfalme, ingawa babu wa babu yangu alitoka pwani na marobota ya vitambaa. Baba naye aliuza vitambaa karibu na soko la Owino mpaka alipoacha kuifikia rafu ya juu. Alifariki majira ya mvua. Wanaume waliinua jeneza, na kwa desturi ya nyumba yetu wanawake hatufuati. Mama alifika kizingitini. Akashika fremu ya mlango kwa mikono miwili, jeneza likapita getini, ukuta wa jirani ukalificha. Hakulitazama hata kwa muda wa kuhesabu kumi.

Akakaa eda yake, miezi minne na siku kumi. Siku ilipokwisha tulimwogesha, tukamfukiza udi, tukamvisha nguo mpya, tukangoja atoke. Hakutoka. Kesho yake hakutoka. Alikuwa akisali, akila kidogo, akikaa kwenye kiti kile cha dirishani, na kizingiti hakukivuka. Miguu ikaanza kuvimba. Daktari aliyekuja nyumbani aliibonyeza kwa kidole, shimo likabaki, akaniita pembeni. Alisema sukari yake si mchezo, na asipotembea kila siku, mwaka hautaisha kabla hajawa mtu wa kubebwa.

Mimi nilikuwa mwalimu wa michezo kwa miaka mingi. Nina filimbi, nina sauti, na hasira zangu ziko karibu. Wanafunzi wangu waliniogopa, na sikuona ubaya wowote katika hilo. Nikaamua kuanzisha kikundi cha kutembea cha wanawake wa mtaa wetu. Nilichapisha matangazo kwa wapiga chapa wa Wandegeya, karatasi za njano, nikayabandika kwenye kila nguzo. Nikafungua kundi la wasapu. Nikanunua daftari la mahudhurio. Kila mtu alinisifu kwamba naijali afya ya jamii, na mimi nikaipokea sifa, ilhali nilikuwa namtengenezea mtu mmoja kikundi kizima.

Asubuhi ya kwanza walikuja wanawake kumi na mmoja. Nikikumbuka asubuhi zile naziona zote kama moja. Alfajiri imekwisha kusaliwa, ukungu umelala juu ya barabara, na ukuta wa Lubiri, kasri la Kabaka, unatoka ndani yake kidogo kidogo, tofali kwa tofali, kila unapousogelea. Moshi wa mkaa unanukia. Karoli, wale korongo wakubwa wa jalalani, wamesimama juu ya miti, wamenyamaza, na sauti za raba zetu zinasikika kama zinatoka mtaa mwingine. Nilikuwa nikisahau nina umri gani.

Kabla ya kuondoka niliwapanga wote mbele ya dirisha la Mama, makusudi.

"Mnakwenda wapi?" aliuliza.

"Hatuendi mahali, Mama. Tunatembea tu mpaka mwisho wa ukuta, tunageuka, tunarudi."

"Mnarudi hapa hapa mlipo?"

"Ndiyo."

"Basi kaeni, wanangu. Mmeshafika."

Wanawake wote walicheka, na mimi nikapuliza filimbi kuwanyamazisha. Mwezi mzima ukapita hivyo. Walikuja ambao sikuwahitaji: wenye mapaja yanayouma, wenye shinikizo la damu, bibi harusi aliyetaka kuingia kwenye gauni. Wakaanza kupungua uzito mbele ya macho yangu, na niliwaonea kijicho kwa niaba ya mama yangu. Yeye alikuwa dirishani tu. Siku moja nilishindwa kujizuia.

"Unataka tuje tukubebe, Mama? Ndicho unachotaka?"

"Mtanibeba," alisema bila kugeuza uso. "Hata baba yako alibebwa."

Nilitoka nikapuliza filimbi kwa nguvu zangu zote, karoli wakaruka kutoka mtini. Kisha nikalia nyuma ya tangi la maji, kwa hasira na kwa hofu, sijui kipi kilikuwa kikubwa.

Aliyeniokoa hakujua kwamba ananiokoa. Alikuwa jirani yetu, polisi mstaafu, mwanamke wa kaskazini aliyeishi kambini zaidi ya nusu ya maisha yake. Mtaa mzima tulimwita Afande. Alitembea kama yuko gwarideni, na tulipofika mwisho wa ukuta ndiye aliyetoa amri, "Nyuma, geuka!", nasi tukageuka sote kwa kicheko, hata mimi. Asubuhi moja mvua ilitukuta getini kwetu. Wenzetu wakakimbilia makwao, Afande akasema hawezi kupita bila kumsalimu Hajati, kama mtaa ulivyomwita Mama.

Aliingia, akapewa chai, akazungumza na Mama Kiswahili chake cha kambini, wakafurahiana. Mvua ilipokata akasimama.

"Hajati, sasa mimi nakwenda."

"Ngoja," Mama alisema.

Mkono wake ukatafuta mtandio kwenye egemeo la kiti, ukaupata, ukauweka kichwani. Akasimama kwa kuugulia. Akamfuata Afande hadi mlangoni, akavuka kizingiti, akashuka ngazi mbili za baraza. Mimi nilikuwa nimeshika birika katikati ya chumba na sikuthubutu hata kuliweka chini. Getini aliagana naye, akasimama akitazama mpaka Afande akapotea kwenye kona. Aliporudi alikaa, akatazama tope kwenye malapa yake kwa muda mrefu.

"Geti lilikuwa wazi?" aliuliza, kama asiyeamini kwamba amefika huko.

"Lilikuwa wazi, Mama."

Mimi usiku ule nilichukua daftari la mahudhurio nikachora mistari mipya. Kutembea kungeendelea kama kawaida, lakini kila siku mmoja wetu angekuwa na zamu ya ugeni. Ataingia kwa Hajati, atakunywa chai ya tangawizi isiyo na sukari, na ataomba ruhusa. Yaliyobaki angeyafanya Mama mwenyewe kwa adabu zake. Nilipowaeleza wenzangu walinitazama kana kwamba kwa mara ya kwanza wanamwona mtu nyuma ya filimbi. Hakuna aliyekataa zamu.

Ufundi wa kazi hii tuliujua taratibu. Mgeni asimalize hadithi kitini. Aianze kwenye kikombe cha pili, na mwisho wake auweke mfukoni mpaka nje. Afande alikuwa bingwa. Alikuwa na kisa cha mwizi wa godoro kambini, akakikata kwa wiki tatu: mwizi akaonekana getini, akakimbia mpaka kwenye mfenesi, akakamatwa karibu na duka la chapati.

"Na lile godoro?" Mama alimwuliza, kama tulivyohadithiwa baadaye.

"Godoro? Wacha hiyo, Hajati. Hiyo ni maneno mingi. Tutafika pale stegi, mimi nakwambia yote."

Pale stegi ya bodaboda vijana walimwona mwanamke mzima anatembea polepole, wakafanya biashara yao. "Hajati, mimi napereka wewe wapi?"

"Nipeleke wapi na mimi nina mgeni?" aliwajibu. Nilikuwa nimejificha nyuma ya kibanda cha simu. Nilicheka mpaka mbavu zikauma, kwa furaha ambayo sikuwa nimeionja tangu msiba.

Kila jioni niliandika: Mama, getini. Mama, mfenesi. Mama, duka la chapati. Miguu yake ilianza kupungua uvimbe, mfupa wa kifundo ukaonekana tena. Lakini mimi ni mimi. Badala ya kushukuru nikaanza kuwasukuma wageni: leo fika kona, kesho vuka kona, mbona jana mmerudi mapema? Na daftari nikaanza kuliacha ovyo.

Nilirudi kutoka sokoni siku moja nikamkuta Mama na miwani yake, daftari liko mapajani. Niliweka kikapu chini, nikasimama mbele yake kama mtoto aliyevunja sahani.

"Umenifanya mradi," alisema.

"Nisamehe, Mama."

"Wageni wote wa nyumba hii wanakuja wamevaa raba. Unadhani mimi sioni miguu ya watu?"

"Tangu lini umejua?"

"Tangu yule wa pili." Akalamba kidole, akafunua ukurasa. "Hapa umeandika kona. Mimi sikufika kona siku hiyo, niliishia kwenye mtaro. Futa. Usimwandikie mtu safari ambayo hakwenda."

Nilifuta. Nikaelewa kwamba siku zote zile alikuwa akitoka huku anajua, na kwamba alitufichia aibu yetu kama anavyomfichia mgeni aliyemwaga chai. Alifunga daftari, akavua miwani.

"Toka hapa mpaka kwa baba yako ni mbali kiasi gani?"

Makaburi yetu yako mteremkoni, mbele kidogo ya pale ukuta unapoishia, nyuma ya msikiti mdogo. Nilimwambia ni mbali kuliko alikowahi kufika. Nilimwambia tuchukue gari. Alinitazama kama vile nimemtukana.

"Wageni wangapi nimewasindikiza kwa miguu, hata nisiowapenda," alisema. "Yeye nilimwacha mlangoni."

Ikachukua wiki nyingine tano. Sikumsukuma hata mara moja, na hilo naliandika kwa kujisifu. Asubuhi yenyewe kikundi kizima kilikuja, hapakuwa na zamu. Ukungu ulikuwa mzito kuliko siku zote, umepanda kutoka ziwa la Kabaka huko bondeni. Tulitembea kwa mwendo wake. Mbele yetu barabara ilikuwa ikitengenezwa upya kila hatua, mita chache tu, na nyuma ikifutwa. Nilihisi kwamba tukiendelea hivyo tungeweza kufika mwaka wowote tuutakao, tukamkuta Baba amekaa na vikombe vyake. Filimbi niliiacha nyumbani.

Mwisho wa ukuta, pale tulipozoea kugeuka, Afande hakutoa amri. Tukapita. Tukazunguka msikiti, na jua likaanza kupenya, na makaburi yakaonekana nyuma ya uzio wa michongoma. Mama hakuingia. Alisimama kwenye uzio, mkono juu ya bega langu, akasoma alichosoma. Mimi nilimwonyesha kaburi. Kisha akasema, kwa sauti ile ile niliyoisikia utoto wangu wote pale getini, "Haya, Bwana. Mimi naishia hapa."

Akasimama akitazama.

Tulingoja. Jua likakausha majani, ukungu ukaondoka wote, kaburi likawa wazi kabisa, na yeye bado kasimama. Nilihisi uzito wake ukiongezeka begani kwangu. Nikamwambia taratibu, "Mama, twende," akatikisa kichwa, na hapo ndipo nilipotambua. Anayesindikiza hageuki mpaka mgeni apotee machoni. Na mgeni huyu hakuwa akienda popote.

Sikujua la kufanya. Machozi yalinitoka nikayaacha. Nikasikia hatua nyuma yetu, za mtu aliyezoea gwaride. Afande alisimama upande wa pili wa Mama, akakaza mgongo, mikono ubavuni, akatazama mbele kule anakotazama yeye. Akaiachia pumzi kidogo.

"Hajati," alisema kwa sauti ya chini sana. "Nyuma… geuka."

Nikamwona Mama anainamisha kichwa kuelekea kule kaburini, kama mtu anayeomba radhi.

"Umesikia mwenyewe, Bwana," alisema. "Ni amri."

Akageuka.

Kurudi tulikwenda polepole zaidi, tukipumzika kila penye ukingo wa kukalia, na wenzetu mmoja mmoja wakaachana nasi kwenye mageti yao. Kwa kila mmoja Mama alisimama, akangoja mpaka mlango ufungwe. Tulipofika nyumbani jua lilikuwa juu. Birika lilikuwa mezani pale nilipoliacha alfajiri, na vikombe viwili. Nikamimina, nikakaa naye barazani. Chai ilikuwa imepoa, na hapakuwa na mtu wa kulalamika. Tukainywa hivyo hivyo.