Vitenzi vya Baba Wema

Bhoke ni jirani yangu na rafiki yangu, kwa hiyo nina ruhusa ya kumsema. Alikuja hapa kwetu Rwamgasa kutoka Tarime miaka ishirini iliyopita, akauza chakula karibu na maduara, mashimo ya wachimbaji wa dhahabu, akaolewa na Donatus, Msukuma mwenzangu. Donatus alikuwa fundi wa kufunga matimba, zile nguzo zinazozuia udongo usiwaangukie wachimbaji. Nyumba yao iliendeshwa kwa Kiswahili. Kisukuma Bhoke hakukitaka kabisa. "Mnaongea kama mnaosubiri mvua," aliniambia. Nikamjibu kwamba Wakurya husalimiana kama wanaogombana. Tukacheka, maisha yakaendelea.

Mwaka jana Donatus alipatwa na kiharusi. Mkono wa kulia ukalala, na Kiswahili chake kikabaki majina matupu: maji, mlango, Wema, yaani jina la mtoto wao. Kitu alikitaja, lakini la kufanya na kitu hicho halikutoka. Maji yaletwe, yaondolewe, yapashwe moto? Bhoke alikisia mpaka akachoka. Kisha mgonjwa akaanza kunong'ona maneno marefu kwa ulimi mzito, na mkewe akadhani anaweweseka. Akafunga dirisha ili wapita njia wasimsikie baba wa watu akiropoka, akaita watu wa maombi, nao wageni wa hapa kama yeye.

Mimi nilikuwa Kahama miezi miwili, kwa binti yangu aliyejifungua. Niliporudi niliwapelekea maziwa, na Donatus akanisemesha. Niliyoyasikia yaliniuma.

"Mama Wema," nikasema, "huyu haweweseki. Anakuomba umfungulie dirisha. Anasema anakuomba kila siku."

Kisukuma chake kilikuwa kizima, vitenzi vyake vyote vipo. Bhoke alifungua dirisha, akaenda jikoni kulia. Wiki sita alikuwa amemfungia ndani mtu mwenye akili zake timamu.

Kesho yake alikuja na daftari. "Mama Kalisti, niandikie." Nikamwandikia kurasa nane, na hakushika hata nusu ukurasa. Mkaidi akitaka kufundishwa, naye hufundishika kwa ukaidi wake. Ikabidi tumwite mama mkwe wake, bibi Mageni, kutoka kijijini. Bibi alilitazama lile daftari, akafunika nalo chungu cha maziwa.

"Jina utalionyesha kwa kidole," alisema kwa Kisukuma, nami nikamtafsiria Bhoke. "Tendo utalionyesha kwa nini?"

Akampa mchi. Wakatwanga, bibi akitamka kutwanga. Wakapepeta, wakateka maji, wakafunga mbuzi, wakamgeuza mgonjwa upande wa pili, kila tendo na neno lake. Bhoke aligundua kwamba Kisukuma nacho, kama Kikurya na Kiswahili, hulibebesha neno moja mtendaji, mtendewa na wakati. "Kumbe nyumba ni ileile," alisema, "mmehamisha milango tu." Nikaanza kumwita Msukuma wa Tarime, na safari hii hakubisha.

Lakini kulikuwa na tendo moja ambalo bibi hakuweza kumwonyesha kwa mchi wala kwa kamba. Bhoke alitaka kuomba msamaha, tena aombe kwa lugha ambayo mumewe ataisikia yote. Nilimfundisha maneno, akayarudia siku tatu mbele ya sufuria. Alikuwa anaogopa. Aliniambia waziwazi: mumewe asipomsamehe, yeye atalijua hilo kwa lugha ipi?

Siku ya nne, saa za adhuhuri, alimpelekea uji. Mimi na bibi tulikuwa mlangoni tukichambua mchele. Aliyasema maneno yake kwa lafudhi ya kwao, akakosea mahali pawili, akamaliza akiwa amesimama na bakuli mkononi.

Donatus akatamka kitenzi kimoja cha Kisukuma, kifupi.

Bhoke alikuwa amekwisha kuketi ubavuni pake, bega kwa bega, ndipo akageuka kunitazama, aone kama nimemtafsiria. Sikuwa nimefungua mdomo.