Mikia kwenye Jina la Mama Ng'washi

Siku ile nilipokuwa mtaa wa Chanji, mwanangu, huikumbuka kila nikimsikia kijana aliyeweka ukurasa mtandaoni akisema, "Mbona kwangu unafunguka?" Nimezunguka kuanzia Kasanga hadi Chala, na maneno hayo nimeyachoka.

Nilifanya kazi na Sikazwe, fundi wa kurasa za matangazo. Akaja Mama Ng'washi, mfugaji. Ng'ombe wake pekee wa maziwa alikuwa amepotea, naye alisikia kuna waliookotwa upande wa Chala. Mwenye ng'ombe asipojulikana, ng'ombe huuzwa mnadani. Sikazwe akaandika tangazo, akaliweka mtandaoni, akaridhika.

Kesho yake mama akarudi na simu mkononi. Tangazo lilisomeka: "Ngâ€™ombe wa Mama Ngâ€™washi."

"Sikazwe baba, jina langu mmelitia mikia ya nini?"

"Shikamoo mama. Hiyo simu mbovu. Kwangu liko poa."

"Na simu za Chala nzima ni mbovu? Watu wanadhani ni utapeli, wanafunga. Mnada ni kesho."

Sikazwe akaendelea kubishana, eti watu wanunue simu za maana. Nikamwondoa kitini. Faili lilihifadhiwa vizuri kwa UTF-8, mfumo wa kuandika herufi kwenye kompyuta, na kivinjari chake alikuwa amekipanga kisome hivyo. Lakini seva, ile kompyuta inayogawa kurasa, ilituma ukurasa bila kutaja aina ya herufi zake, kila simu ikakisia. Ile alama ya ng', ambayo kompyuta yake ilikuwa imeipinda ipendeze, ndiyo ikasambaratika. Nikaongeza mstari mmoja kwenye seva, wa kuiambia kila simu kuwa huu ni ukurasa wa HTML wenye herufi za UTF-8:

Content-Type: text/html; charset=utf-8

Jioni simu ya mama ikaita, mtu wa Chala. "Mama, wako ana pengo sikio la kushoto? Njoo umchukue."

Mama akajifunga khanga, akamtazama Sikazwe. "Kumbe ng'ombe wangu anasomeka kuliko ukurasa wako."

Basi mwanangu, kila jibu la seva liseme lenyewe ni kitu gani na limeandikwa kwa herufi zipi. HTML iitwe HTML, picha iitwe picha. Usiiachie simu ya mtu ikisie. Na mtu akikuambia ukurasa hausomeki, usiitukane simu yake. Mwombe akupe, utazame anachokiona yeye.

Mungu akujalie kazi inayosomeka hata pale usipokuwepo kuitetea, na jina la mama wa mtu likipita mikononi mwako, lifike zima.