Ugali kwa Uma

Mwanangu, usinicheke kukuita hivyo, maana nimekuzidi miaka michache tu na shule yangu iliishia kidato cha nne. Ila umeniuliza uendeje kwa wakwe wenye mali mpya, na hilo nalijua. Siku Elia, wakati huo mchumba wangu, aliponipeleka kwao Plano, huku kaskazini mwa Texas, haijanitoka kichwani mpaka leo.

Nilikuwa naishi Sharpstown, mtaa mmoja wa Houston, nahudumia wazee majumbani mwao, ndoto zangu zikiwa nyingi kuliko viatu vyangu. Baba yake Elia alianza na gari moja bovu la kufungia viyoyozi. Viwanda na majengo ya mitambo ya kompyuta yalipoanza kuchomoza kila kona huku kaskazini, yote yakitaka kupozwa, akatajirika ghafla. Picha zao za hafla za matajiri nilizitazama kwenye simu mpaka usiku wa manane. Na Elia alikuwa ameniambia wazi: wazazi wakikataa, haoi.

Nikajifunza kisu na uma kwenye video. Wiki nzima, hata ndizi mbivu niliikata vipande.

Tukafika. Kitambaa cheupe mezani, na kwenye kila sahani ugali umekatwa pembe nne kama keki, pembeni sato mzima. Nikashika uma. Mama Elia, lulu shingoni, akashika wake. Mzee naye. Ugali unateleza, miba inatukwama. Mara kipande changu cha samaki kikaruka, kikatua begani kwa baba mkwe. Nikajua ndoa imeishia hapo.

Bibi yake Elia, aliyekuwa amekuja kutoka Mwanza kuwatembelea, akaweka uma chini.

"Mjukuu wangu, mkono unakuuma?"

"Hapana, Bibi. Shikamoo," nikajibu, kumbe nilishamwamkia mlangoni.

"Marahaba tena." Akamgeukia mwanawe. "Na wewe, baba, wako unauma?"

Mzee akaangua kicheko, samaki akiwa bado begani. Ndipo Mama Elia akaeleza. Walisikia nimekaa Houston miaka mingi, wakaogopa nitawaona washamba. Ule ugali aliukata mwenyewe kwa rula ya wajukuu. Nami nikawasimulia habari za ndizi.

"Leteni maji tunawe," Bibi akasema. "Chakula kimepoa kwa kuogopana."

Maji aliyaleta Mama Elia, akaninawisha kwa mikono yake, mama mkwe mzima, lulu zikining'inia juu ya beseni. Mikono yangu haijakauka akauliza wazazi wangu wako wapi, ili mshenga ajue pa kwenda. Mwanangu, nilishusha pumzi iliyokuwa imenibana tangu Houston.

Kwa hiyo nenda ulivyo. Vaa safi, amkia watu, taja kazi yako bila kunong'ona. Hao unaowaogopa mali wameipata juzi, bado wanajifunza kuikalia, na pengine sasa hivi wanaulizana wakupikie nini. Ukikosea, cheka kwanza wewe. Na ukija kuwa na nyumba kubwa, mgeni wako akitetemeka, mtulize kabla hajaomba.

Mungu akutangulie njiani, akupe wakwe wenye mioyo myepesi, na nyumba yenu isikose kelele za furaha. Amina.