Mwende na Malori ya Voi

Mimi simwamini mtu mwenye wema wa bure. Mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Ndiyo maana Mwalimu Wakesho alipoanza kuchuchumaa kando ya magunia ya ndengu ya Kalondu, akimchezea mtoto vidole, nilimkazia macho kutoka meza yangu ya nyanya.

Kalondu ni jirani yangu hapa sokoni Voi. Mwanamke wa kazi, hacheki ovyo, na akikupimia ndengu anaongeza kiganja bila kuombwa. Mumewe, Mutinda, alikuwa dereva wa lori, akafa kwenye ajali barabara ya Mombasa. Binti yao Mwende hasikii tangu homa ya utotoni. Watu wakimwita bubu, Kalondu huwapa zao. Miaka yote amempeleka kwenye maombi, akingoja ulimi ufunguke.

Sasa huyu Wakesho, mtu wa Mbololo, anafundisha kitengo cha watoto viziwi, akawa anapita kila jioni. Anaonyesha ishara ya ndengu, kisha anaandika neno lenyewe kwenye kipande cha katoni. Alisema mtoto atakuwa na lugha mbili, ya mikono na ya kitabu, na kwamba kaka yake mwenyewe hasikii na alisoma hivyo hivyo. Hakutaka hata peni. Nikamwambia Kalondu achunge, hapa kuna jambo. Mtoto akizoea mikono, ulimi utasahau kazi yake, na watoto wanaibwa siku hizi. Hakunibishia, maana naye shaka anazo za kutosha.

Tena Mwende alikuwa na tabia ya kutorokea barabara kuu, pale malori yanapoegeshwa. Alichapwa, akafungiwa, akatoroka. Tangu Wakesho aanze kuja, ndio akazidi. Tukaona mambo ni wazi. Kuna mtu anamwita mtoto huko, na mwalimu ndiye anayempa maagizo kwa vidole, mbele ya macho yetu, nasi hatuelewi kitu.

Alhamisi moja mimi na Kalondu tukamfuata mtoto, leso zimefungwa kiunoni kwa vita. Tukamkuta Mwende mbele ya lori, anatikisa mikono, dereva ameinama hamwelewi. Na Wakesho huyo, anatokea upande wa pili akihema. Kalondu akamdaka mkono, akamwambia leo amemnasa.

Wakesho hakugombana. Alisema naye amemwona mtoto akivuka barabara, akamkimbilia. Kisha akamgeukia Mwende, wakasemezana kwa mikono. Nikaona uso wa mwalimu umebadilika.

"Mama Mwende," akasema, "anawauliza madereva baba yake yuko wapi."

Kalondu akamwachilia. Siku ya mazishi ya Mutinda, mama mkwe aliagiza mtoto apelekwe kwa shangazi yake, eti haelewi, ya nini kumsumbua. Tangu hapo hakuna aliyemwambia. Angemwambia vipi? Nyumbani walikuwa na ishara za kula, kulala, njoo, acha. Ya kufa hawakuwa nayo.

Wakesho alisema anaweza kumweleza mtoto polepole. Kalondu akakataa.

"Nionyeshe mimi. Nitamwambia mwenyewe."

Akapiga magoti kwenye vumbi. Mikono ile inayopima ndengu bila wasiwasi ikakosea, ikaanza tena. Baba. Amekufa. Mwende alimtazama mamake, akayatazama malori, akauliza kitu. Mwalimu akatafsiri.

"Anauliza kama wewe ulijua."

Kalondu akaitikia kwa kichwa. Mtoto akampiga ngumi kifuani, akampiga tena, kisha akaangukia pale pale alipopiga, akalia. Mimi pia nililia, sina haja ya kuficha.

Mwende yuko shuleni sasa, hatoroki tena, na Jumamosi Kalondu anafunga biashara mapema kwenda kujifunza ishara na wazazi wengine. Wakesho bado namwangalia, tabia ni ngozi. Lakini juzi mama na mtoto walikaa juu ya magunia wakisimuliana kwa mikono, wakanitazama, wakacheka. Sikupenda. Nikamwuliza Kalondu wananisema nini.

Akaniambia nikitaka kujua, darasa liko wazi.