Kushoto Ipungue

Shangazi yangu ni fundi cherehani, lakini amplifaya ya redio ya Babu aliiunda mwenyewe ndani ya boksi la mbao. Babu haoni. Kitufe cha sauti ndicho kitu pekee mle nyumbani anachokiendesha bila kumwita mtu, na kilikuwa kimechakaa, kinakwaruza kila kikiguswa.

Jumamosi Shangazi alikitoa, akalehemu kipya. Babu akakizungusha kushoto ili apunguze, taarifa ya habari ikanguruma mpaka vikombe vikatetemeka.

"Binti yangu, kama umenichoka sema tu," alisema Babu.

Kumbe Shangazi alichora mpangilio wa nyaya akikitazama kitufe kwa nyuma, akaja kuziunga akikitazama kwa mbele. Waya mbili za pembeni zilikuwa zimepishana.

"Si atazoea tu?" nikamuuliza.

"Amezoea kutoona, amezoea kushikwa mkono. Na hili nalo?"

Akapasha moto chuma cha kulehemu, akazibandua zile waya na kuzibadilisha. Kisha akanivuta tukatoka nje. Tulisimama dirishani tukisikiliza. Ndani, sauti ya redio ilipanda, ikashuka, ikapanda tena, na hakuna aliyeitwa.