Pasipoti Mferejini

Niliiba pasipoti yangu sandukuni mwa Mama nikaenda nayo kwa makadeti wa baharini, vijana wanaofunzwa ubaharia. Hayo ya zamani; juzi niliwaona makadeti wengine mtaani Erdington, huku ughaibuni tulikokulia, wakipiga kwata, vifua mbele kama majogoo, nikacheka peke yangu. Utotoni niliamini baharia lazima avuke mpaka, na mpakani huulizwa karatasi. Kumbe bahari yao ni mfereji wa kupitishia mashua, unaonuka soksi, toroli la supamaketi limezama katikati. Tulipoketi mashuani, mkufunzi akabweka, "Piga kasia, baharia!" Nikapiga hewa, nikatumbukia na pasipoti mfukoni. Wiki iliyofuata tulikuwa tusafiri Kisumu kumwona nyanya. Mama aliianika pasipoti juu ya hita, kurasa zimevimba kama mandazi. Akasema, "Haya, enda basi Kisumu na hiyo mashua yenu."